Mpango wa Miaka Arobaini wa Pikapu ya Wastani

Nchi yenyewe iliitwa Utulivuni. Haipakani na nchi yoyote unayoijua, kwa hiyo msomaji asijisumbue kufungua ramani, wala asimtupie jicho jirani yake anaposoma. Ilikuwa nchi yenye amani kubwa. Watu wake walikuwa wamezoea kusubiri, na serikali yao ilikuwa imezoea kusubiriwa.

Utulivuni ilikuwa na kiwanda cha magari, Kiwanda cha Taifa, chenye mabomba matatu ya moshi yaliyong'aa kwa weupe, maana hayakuwahi kutoa moshi wa kuyachafua. Wafanyakazi waliingia asubuhi kwa king'ora na kutoka jioni kwa king'ora, na katikati ya ving'ora hivyo viwili kiwanda kilizalisha mipango. Mkubwa kuliko yote ulikuwa Mpango wa Miaka Arobaini wa kutengeneza pikapu ya wastani iitwayo Shupavu. Kamati iliyopewa kazi ya kufasiri neno "wastani" ilisafiri nchi tatu, ikarudi na jibu kwamba pikapu ya wastani ni ile ambayo mkulima akiiona atasema ni kubwa, na waziri akiiona atasema ni ndogo. Jibu lilipigiwa makofi, likaingizwa kwenye utangulizi.

Pikapu yenyewe ilikuwapo. Moja. Wataalamu wageni na mafundi wa kiwanda waliiunda kwa mikono zamani, wakati watu walipokuwa bado na haraka, na ilitoka nzuri: ya kijani, milango miwili, bodi pana nyuma, injini ya dizeli. Iliwekwa katika ukumbi wa maonyesho juu ya zulia jekundu, ikazungushiwa kamba. Kwa mujibu wa Mpango haikutakiwa kutoka hapo mpaka ifike hatua ya majaribio ya barabarani, na hatua hiyo ilikuwa bado mbali.

Sikudhani alikuwa afisa katika Idara ya Mipango ya Muda Mrefu. Yeye ndiye aliyejua hatua hiyo iko mbali kiasi gani, kwa sababu kila mwaka yeye ndiye aliyeisogeza. Mumewe, Mbelwa, alikuwa fundi wa ukumbi wa maonyesho. Kazi yake ilikuwa kuifuta pikapu vumbi, kuyajaza matairi upepo, na kuiwasha kila Ijumaa kwa muda mfupi ili injini isife. Walikutana hapo kiwandani, wakaoana, wakamzaa binti yao Tulizo, wakamsomesha, akaolewa mkoa wa mbali, na muda wote huo pikapu haikusogea.

Mwanzoni Sikudhani aliamini. Mara ya kwanza alipoambiwa asogeze hatua ya majaribio mbele, alikwenda kulia chooni. Mara ya pili alinuna kutwa nzima. Baada ya hapo mkono ulizoea kusogeza wenyewe, kama mtu anayefukuza inzi huku anazungumza mambo mengine. Hakuwa na hasira wala huzuni. Alikuwa na kitu kama ganzi ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hakujua kiko wapi hasa, kwa hiyo hakujua pa kukanda.

*

Mwaka mmoja Idara ikagundua tatizo. Mpango ulisema toleo la kwanza la Shupavu lingezalishwa kwa miaka ishirini na minne, kisha lipishe toleo la pili. Miaka ishirini na minne ilikuwa imekwisha. Kwamba hakuna gari hata moja la toleo hilo lililotoka kiwandani lilikuwa jambo jingine, la idara nyingine. Mkurugenzi Mkuu, Daktari Kapalata, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alieleza kikaoni kwamba muda ni muda. Toleo la kwanza likastaafishwa.

Waziri wa Viwanda na Matarajio alikuja mwenyewe kuliaga. Alisimama kando ya pikapu, akaweka mkono juu ya boneti kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mahari, akahutubia.

"Ndugu wafanyakazi," alisema, "toleo la kwanza linaondoka likiwa halijapata ajali hata moja. Halijachafua hewa ya nchi yetu. Hakuna mwananchi aliyewahi kulalamikia vipuri vyake. Niambieni, ni nchi gani nyingine duniani inayoweza kusema hivyo kuhusu gari lake?"

Hapakuwa na aliyeweza kuitaja. Bendi ilipiga wimbo wa maombolezo, na wakubwa wawili wa safu ya mbele walifuta macho.

Jioni ile Mbelwa alikaa mezani muda mrefu bila kugusa chakula. Kisha akamuuliza mkewe kesho atafuta gari gani.

"Toleo la pili," alisema Sikudhani.

"Liko wapi?"

"Ni hilo hilo. Limebadilika kwenye Mpango."

Mbelwa alifikiri. Alikuwa mtu asiyependa kubishana, na tangu mwaka ule alikuwa akishika kifua mara kwa mara akidhani hakuna anayemwona. "Mama Tulizo," alisema mwishowe, "wewe umewahi kutamani kuliona linatembea?"

Sikudhani alijibu kuwa hatua hiyo imesogezwa. Hakuwa anamkwepa. Ndilo jibu lililokuwa karibu. Mbelwa akacheka kidogo, akavuta sahani, na kesho yake akaenda kubandua namba moja kwenye mlango wa nyuma wa pikapu na kubandika namba mbili.

*

Siku ya kuzinduliwa toleo la pili, kiwanda kizima kilikuwa mbio tangu alfajiri. Gari la Mkurugenzi lilikwenda uwanja wa ndege kumpokea Waziri. Mabasi ya wafanyakazi yalikwenda kuwaleta wanafunzi wa kupunga bendera. Sikudhani alikuwa ofisini akipanga majina ya wageni wa safu ya mbele, mlinzi wa ukumbi, Shomvi, alipoingia bila kubisha hodi. Shomvi alikuwa rafiki wa Mbelwa wa miaka mingi. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Shemeji, njoo," alisema. "Mbelwa ameanguka."

Alikuwa amelala juu ya zulia jekundu kando ya gurudumu la mbele, kitambaa cha kufutia bado mkononi, jasho limemtoka shingo nzima. Aliposikia sauti ya mkewe alifungua macho. Alisema kifua kinabana, kama mtu amekaa juu yake.

Kiwanda hakikuwa na gari la wagonjwa. Lilikuwamo kwenye Mpango, Shupavu ya kubebea wagonjwa, toleo la nne. Hospitali ya wilaya ilipopigiwa simu ilijibu kwa adabu kuwa nayo inalisubiri hilo hilo.

Daktari Kapalata alifika na wasaidizi wake. Yeye alikuwa daktari wa mipango, si wa watu, lakini alipiga magoti kweli, akamshika Mbelwa mkono, na mtu angeona kuwa anasikitika. Sikudhani alimwomba pikapu. Mkurugenzi akamweleza, kwa sauti ile ya kubembeleza, kwamba hakuna anayetamani zaidi yake yeye kumpa, ila pikapu ikitoka leo itakuwa imefanya majaribio ya barabarani kabla ya wakati, hatua zote zinazofuata zitasogea, na dada Sikudhani mwenyewe ndiye anayejua zaidi ya wote ni kazi gani kuzisogeza. Hata hivyo asingependa kuamua peke yake. Aliagiza kamati ya dharura ikutane chumba cha pili. Wajumbe walikwenda karibu wanakimbia. Baadaye mmoja akarudi kuchukua viti.

Sikudhani alikaa sakafuni. Kupitia ukutani alisikia kikao kikifunguliwa na mwenyekiti akishukuru kwa nafasi aliyopewa. Alijua kitakachofuata, kwa kuwa vikao vya namna ile alivihudhuria maisha yake yote: kupitia ajenda, kuthibitisha ajenda, yatokanayo. Alimtazama mumewe. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Ufunguo uko mfukoni," alisema Mbelwa taratibu. "Ukiwasha, usikanyage mafuta. Ngoja kwanza ijisikie."

Basi Sikudhani akautoa. Shomvi alitazama mlango wa chumba cha kikao, akaitazama kamba aliyokuwa akiilinda miaka yote hiyo, kisha akaifungua na kuikunja vizuri, akaiweka pembeni. Wakaisukuma pikapu ikatoka juu ya zulia, wakamwinua Mbelwa pamoja na zulia lake, wakamlaza kwenye bodi ya nyuma, na Shomvi akapanda, akakaa na kumpakata kichwa. Sikudhani alikuwa na leseni. Maafisa wote wa Idara walipewa leseni, ilikuwa sehemu ya Mpango. Aliwasha, akangoja, injini ikajisikia. Milango ya kioo ilikuwa imeachwa wazi kwa ajili ya Waziri.

*

Barabarani watu walisimama. Mwanamke aliyekuwa anachoma mahindi aliacha mahindi yakaungua. Kwenye kituo cha mafuta wanaume walivua kofia, na mzee mmoja alisikika akisema kumbe toleo la kwanza halikufa, lilikuwa limefichwa. Sikudhani aliyaona yote hayo kama mtu anayetazama picha za harusi ya watu asiowafahamu. Mikono ilishika usukani, mguu ulikanyaga, akapanda kilima cha machimbo akibadilisha gia, akashuka.

Kwenye kizuizi cha polisi askari alisimama katikati ya njia na kuinua mkono. Aliizunguka pikapu mara moja. Hakuona namba za usajili. Aliuliza hili ni gari gani. Sikudhani akamwambia ni Shupavu. Askari alitoa simu, akampigia mkubwa wake, akasikiliza kwa makini, akasema ndiyo afande mara kadhaa, kisha akarudi dirishani.

"Mama, nimeambiwa gari hili bado halijaanza kuwepo," alisema. "Na mimi siwezi kusimamisha gari ambalo halipo. Pita."

Akainua kizuizi, akapiga saluti.

Katika mteremko wa kwenda mjini Shomvi aligonga kioo cha nyuma. Hakugonga kwa nguvu. Sikudhani alielewa, lakini hakupunguza mwendo, akaendelea mpaka hospitali, akaegesha vizuri mbele ya mlango, akavuta breki ya mkono. Muuguzi alipanda, akamgusa Mbelwa shingoni, akakaa hivyo kidogo, kisha akauliza kama kuna ndugu. Sikudhani akasema yupo.

Wakati huo kule kiwandani Waziri alikuwa amewasili. Alikuta sakafu tupu, hata zulia halipo. Lakini wanafunzi walikuwa wameshaanza kupunga bendera na bendi ilikuwa imeshaanza kupiga, na yeye hakuwa mtu wa kuvuruga ratiba. Alikata utepe. Akalisifu toleo la pili kwa wepesi wake. Kamati ya dharura ilitoka kikaoni makofi yakiendelea, ikiwa imekubali kwa kauli moja kuunda kamati ndogo.

*

Mbelwa alizikwa kwao. Tulizo alikuja na mumewe, akalia mpaka sauti ikakauka, na kila mara alimtazama mama yake kama anayemngoja aanze. Sikudhani hakuanza. Alipokea wageni, akaelekeza sufuria kubwa ziko wapi, akala alipoambiwa ale. Usiku alilala usingizi mzito, jambo lililomshangaza. Alijichunguza kama anavyojichunguza mtu aliyeanguka, hapa kuna maumivu, hapa hakuna, na hakupata mahali.

Daktari Kapalata alihudhuria na rambirambi za kiwanda. Alikaa mkekani na wanaume wengine kwa saburi yote. Wakati wa kuondoka alimvuta Sikudhani kando, akampa pole tena, akamwomba ufunguo.

Tume ya uchunguzi ilikuwa na kazi ngumu, na haifai kuwacheka. Wakisema pikapu iliibiwa, basi Waziri alizindua sakafu. Wakisema haikutoka, nusu ya wilaya ilikuwa imeiona. Walimwita askari wa kizuizini, naye akashikilia kwamba hakuona gari, ila alilipigia saluti. Mwishowe mjumbe mmoja akapata njia, na wote wakashangaa namna ilivyokuwa rahisi. Toleo la pili lilikuwa limefanya majaribio ya barabarani siku ya kuzinduliwa kwake, kabla ya wakati, kwa mafanikio makubwa. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na dereva wa majaribio.

Sikudhani aliitwa ofisini kuyaandika hayo kwenye Mpango, kwa sababu ukurasa huo ulikuwa wake. Mkurugenzi alisimama nyuma yake akimsomea taratibu: hali ya barabara, hali ya hewa, uwezo wa kupanda kilima. Kisha wakafika kwenye mzigo, maana majaribio hayakamiliki bila mzigo. Mkurugenzi alikohoa. Alisema uzito umekadiriwa na wataalamu, na kwamba mzigo ulifika bila kuharibika.

Sikudhani aliandika. Alisikia kalamu ikikwaruza. Alipomaliza aliuliza kama kuna kingine, akaambiwa hakuna, akarudi nyumbani, na njiani alinunua mkate.

*

Ikafanyika hafla nyingine. Pikapu ilirudishwa juu ya zulia jipya, na Sikudhani akavalishwa mkanda ulioandikwa Dereva wa Kwanza wa Majaribio. Alitakiwa kusoma taarifa mbele ya Waziri. Wasikilizaji walikuwa wameelekezwa kupiga makofi kila anapopumzika.

Alisoma vizuri. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma matangazo ya stendi. Hali ya barabara, makofi. Hali ya hewa, makofi. Akafika kwenye mzigo, akanyamaza. Watu wakapiga makofi. Akangoja yaishe.

"Mzigo alikuwa mume wangu," alisema. "Jina lake Mbelwa, fundi wa ukumbi huu. Alikufa njiani."

Ukumbi ulikaa kimya muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida katika Utulivuni. Na kwa vile Sikudhani alikuwa amepumzika, na maelekezo yalikuwa maelekezo, mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata.

Waziri aliguswa kweli. Alichukua kipaza sauti akasema kifo hiki hakitapita bure. Aliagiza pale pale kwamba Shupavu ya kubebea wagonjwa, toleo la nne, isogezwe karibu kwa miaka mitatu kamili, kutoka mwaka wa thelathini na tisa wa Mpango hadi mwaka wa thelathini na sita. Watu walisimama. Daktari Kapalata alimkumbatia Sikudhani kwa mikono miwili, na juu ya bega lake Sikudhani aliiona pikapu ikiwa imesafishwa na mtu asiyejua kazi, madoa ya maji yamekaukia kwenye kioo.

Aliomba jambo moja tu. Aliomba neno "mzigo" liondolewe. Alilipendekeza neno "mtu".

Kamati ilikaa. Ilieleza kwa masikitiko kuwa majaribio ya kubeba watu ni hatua nyingine, yenye masharti yake, na kulitumia neno hilo kungefanya majaribio yote yabatilike. Hata hivyo ilikuwa imejitahidi. Kuanzia sasa Mpango ungesomeka "mzigo maalumu".

Sikudhani akashukuru.

*

Shomvi hakufukuzwa. Alihamishwa kwenda kulinda kiwanja ambacho tawi la kiwanda lingejengwa katika awamu ya tatu, mbali sana, porini. Siku moja kabla ya kuondoka alikuja kuaga. Sikudhani alimkuta amekaa barazani, kofia magotini, hataki kuingia ndani. Akakaa naye. Walizungumzia nauli, mbu wa kule, na kwamba kiwanja chenyewe hakina uzio, kwa hiyo hajui atasimama upande gani.

Kisha Shomvi akasema kuna neno alilotakiwa kulisema mapema. Hakulisema msibani kwa sababu ya watu. Baadaye aliona aibu kwa kuchelewa.

"Sema tu, kaka," alisema Sikudhani.

"Kule nyuma, shemeji. Hakuwa na maumivu mwishoni, au kama yalikuwapo hakuyasema. Alikuwa anasikiliza. Ulipopanda kilima cha machimbo, ukabadilisha gia, alinishika mkono. Nikadhani anataka maji." Shomvi aliigeuza kofia. "Akasema, 'Linatembea.'"

Sikudhani aligeuka kumtazama.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Uso ulimng'aa kwa furaha, shemeji, siwezi kukudanganya."

"Hebu rudia."

Shomvi akarudia.

Sikudhani akainuka, akasema anakwenda kuteleka chai. Alijaza maji, akawasha jiko, akasimama hapo. Maji yalichemka, yakapungua, yakakauka, birika likaanza kunuka. Kutoka barazani Shomvi alikuwa anamsikia. Alikaa pale pale, hakumwita, na mpita njia mmoja aliposimama kuuliza ndani kuna nini, alimwambia aende zake, kuna mtu anamlilia mume wake.